Kadi, tableti, Scratch au micro:bit? Kuchagua njia ya kufundisha kompyuta shule ya msingi, na mahali pa kufundishia usalama mtandaoni

Swali hili hunijia kwa sura mbili. Mwalimu mkuu ananiambia, "Tumepata kompyuta 8 za msaada, watoto tunao zaidi ya 600, tuanzie wapi?" Mzazi naye anasema, "Mwanangu wa darasa la tatu haiachii simu yangu, nimfundishe nini kabla hajaharibika?" Mara nyingi wote wawili hupewa jibu moja: anzisheni somo la kompyuta, usalama wa mtandaoni utakuwa mada mojawapo humo.

Mimi ningeyatenganisha. Kompyuta inaweza kufundishwa vizuri sana bila intaneti hata kidogo. Usalama wa mtandaoni haufundishiki ndani ya maabara ya shule, kwa sababu mtoto wetu wa shule ya msingi hapati intaneti maabara. Anaipata kwenye simu ya mama, ya dada, au ya mjomba aliyekuja wikiendi. Ukilinganisha njia huku unajua hilo, baadhi ya zile zinazosifiwa sana zinashuka thamani, na nyingine zisizo na gharama zinapanda.

Kukaririsha sehemu za kompyuta

Nianze na njia ambayo shule nyingi zinaitumia tayari, maana ndiyo ningeiacha kwanza. "Kibodi ni kifaa cha kuingizia taarifa, monita ni kifaa cha kutolea taarifa." Mtoto anayaandika kwenye daftari, anachora kipanya chenye mkia, anapata 90 kwenye mtihani, na chumba cha kompyuta kimefungwa kufuli tangu kifunguliwe na mgeni rasmi. Nimeona shule zinazouza jina kwa wazazi kwa chumba hicho.

Hoja ya kuitetea ni kwamba mtoto asiyewahi kugusa kifaa lazima azoeshwe taratibu. Shindano la Global Learning XPRIZE lilifanyika mkoani Tanga, na lilichotuonyesha ni kinyume cha hoja hiyo. Watoto karibu 2,700 katika vijiji 170 walipewa tableti zenye programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, pamoja na mahali pa kuchajia kwa umeme wa jua. Kabla ya kuanza, asilimia 74 yao walielezwa kuwa hawakuwahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Mwaka 2019 ushindi ulienda kwa programu mbili, Kitkit School na onebillion. Hakuna aliyewapa watoto wale mwezi mzima wa kukariri "hii inaitwa skrini". Waliigusa, ikafanya kitu, wakaendelea.

Tuwe waangalifu hapo lakini. Watoto wa Tanga walikuwa wanajifunza kusoma kwa kutumia kompyuta. Kujifunza jinsi kompyuta inavyofuata amri ni somo lingine, na ndilo ninalolilinganisha hapa.

Kadi za maboksi au tableti yenye ScratchJr

Kwa darasa la kwanza mpaka la tatu, ushindani wa kweli uko kati ya hizi mbili.

Njia ya kadi inajulikana duniani kama CS Unplugged. Ilianza miaka ya 1990, na Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, ni mmoja wa walioiasisi. Vifaa vyake ni bure. Inavyokuwa darasani ni hivi. Unakata kadi tano kutoka kwenye boksi na kuzichora nukta: 16, 8, 4, 2 na 1. Unawasimamisha watoto watano mbele, mwenye 16 akiwa kushoto kwa wanaotazama na mwenye 1 kulia. Kila mmoja ama anaonyesha nukta zake, ama anaigeuza kadi. Kisha unaliambia darasa: nataka 13. Kelele zinaanza. Kumi na sita ageuke, ni kubwa mno! Nane abaki! Nne abaki! Mbili, geuka! Moja, abaki! Unaandika ubaoni 01101, na umekwisha kuwafundisha jinsi kompyuta inavyohifadhi namba kwa 0 na 1 pekee, bila umeme.

Raha ya kadi hizi ni kwamba tano zinafika hadi 31, na mwezi hauzidi siku 31. Kwa hiyo kila mtoto anaweza kuja mbele akaitengeneza siku yake ya kuzaliwa. Hapo hapo uliza ni nani ana ndugu anayetumia mwaka wa kuzaliwa kama namba ya siri ya simu. Mikono itapanda. Iteremshe upesi kabla hawajaanza kutaja majina na miaka, halafu waulize kwa nini umewazuia.

Mchezo mwingine wa aina hiyo ni wa mwalimu kuwa roboti. Watoto wanakuamuru uende ukafunge mlango. "Nenda mbele." Unakwenda hadi unagonga ukuta, maana hakuna aliyesema hatua ngapi. "Geuka." Upande gani? Baada ya dakika kumi wanaanza wenyewe kusema "hatua nne mbele, geuka kulia, rudia mara mbili". Huo ndio usimbaji, yaani kuipa kompyuta amri kwa mpangilio, na umefanyika katika darasa la watoto 80.

Udhaifu wa kadi ni kwamba hazimpi mtoto kitu cha kuonyesha nyumbani. Pia zinahitaji mwalimu anayeimudu kelele. Na watoto wakubwa wakichezeshwa kadi mwezi mzima watakuuliza, kwa haki kabisa, kompyuta yenyewe iko wapi.

ScratchJr, programu ya tableti ya kutengenezea hadithi kwa kupanga vipande vya amri, inalijibu swali hilo. Ilitoka mwaka 2014, kazi ya vyuo vikuu viwili vya Marekani, Tufts na MIT, pamoja na kampuni ya Playful Invention, na imelengwa watoto wa miaka 5 hadi 7. Vipande vya amri havina maneno, vina picha: mshale wa kulia, mshale wa juu, bendera ya kijani ya kuanzia. Mtoto anavipanga kimoja baada ya kingine kutoka kushoto, anagusa bendera, paka anatembea. Mtoto asiyejua kusoma anaweza kuitumia, na hilo kwa darasa la kwanza ni jambo kubwa. Ukishaisakinisha haihitaji intaneti. Inarekodi sauti pia, na hapo ndipo ninapoipendea zaidi: watoto wanamchora sungura na fisi wao, wanaweka sauti zao wenyewe kwa Kiswahili cha kwao, na hadithi inapata kurasa nne tu, hakuna ya tano. Kikomo hicho ni kizuri. Mtoto analazimika kuamua hadithi inaishia wapi.

Tableti moja kwa watoto watatu inatosha, mmoja anagusa, wawili wanaelekeza, wanapokezana. Zaidi ya wanne, mmoja ataishia kuchungulia dirishani. Na ScratchJr inafika mwisho mapema: haina vigezo vya kuhifadhia alama za mchezo, haina "kama hivi, basi vile". Mtoto wa darasa la nne ataimaliza haraka na kuanza kuiona ya kitoto.

Nikilazimishwa kuchagua moja kwa wadogo, nachukua kadi, kwa sababu zinawafikia wote. Tableti ni nyongeza nzuri kwa makundi. Shule yenye tableti 20 lakini mwalimu hajawahi kucheza roboti hata mara moja itaona watoto wakigusagusa vipande bila kujua wanatafuta nini.

Scratch au msimbo wa kuandika

Kuanzia darasa la nne, chaguo langu ni Scratch, kaka mkubwa wa ScratchJr: vipande vya amri bado vinaunganishwa, ila sasa vina maneno. Iliwekwa wazi kwa umma mwaka 2007 na kundi la Mitchel Resnick pale MIT, imekusudiwa miaka 8 hadi 16, na ukigusa alama ya dunia utakikuta Kiswahili kwenye orodha ya lugha. Kwa mtoto wa shule ya serikali Tanzania, anayesoma masomo yake kwa Kiswahili, hilo peke yake linatosha kuiweka mbele ya njia nyingi. Ipo programu ya kusakinisha kwenye kompyuta, inayofanya kazi bila intaneti. Mwalimu anaipakua mara moja mjini, anaibeba kwenye flashi.

Jambo moja la kiufundi ambalo wanaotoa ushauri huliruka: kompyuta za msaada mara nyingi ni za zamani, na toleo la sasa la Scratch, la 3, linataka Windows 10 kwenda juu. Usizitupe mashine zako. Toleo la zamani, 1.4, bado linapatikana na linakwenda kwenye kompyuta zilizochoka kabisa. Kazi iliyotengenezwa kwenye 1.4 hufunguka kwenye toleo la 3, lakini ya toleo la 3 haifunguki kwenye 1.4. Kwa hiyo amua mapema, na mashine zote za chumba kimoja ziwe na toleo moja, la sivyo utatumia kipindi kizima kutafuta kwa nini kazi ya Asha haifunguki.

Kenya mwanzo wao ni tofauti. Tangu 2016 serikali ilisambaza vifaa zaidi ya milioni moja katika shule za msingi za umma: tableti za wanafunzi, kompyuta za walimu, na projekta. Ujuzi wa kidijitali ni mmoja wa umilisi saba wa CBC, mtaala wao unaojengwa juu ya umilisi, na mwaka 2022 KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, iliidhinisha silabasi ya usimbaji kwa shule za msingi na sekondari. Huko wapo wanaowapeleka watoto moja kwa moja kwenye Python, lugha ya msimbo wa kuandika. Kwa darasa la saba mwenye Kiingereza kizuri, sawa. Kwa mtoto wa miaka tisa naiona mizigo miwili kwa mkupuo: Kiingereza, na kukumbuka nukta mbili mwisho wa mstari na nafasi mwanzo wa mstari unaofuata. Akikosea herufi moja, hakuna kinachotokea isipokuwa ujumbe mwekundu asiouelewa. Kwenye Scratch kipande kisichofaa hakinasi mahali pake, na paka akienda kichwa chini miguu juu mtoto anacheka, kisha anatafuta sababu.

Kuna wazazi wanaotaka Word na Excel, "ili apate kazi". Darasa la sita na la saba panatosha kwa hayo.

micro:bit nitaipitia kwa haraka. Ni kibao kidogo chenye taa 25 na vitufe viwili, kinachotembea hata kwa betri mbili ndogo. BBC ilikigawa bure kwa wanafunzi takriban milioni moja wa Uingereza mwaka 2016, wa miaka 11 na 12. Mtoto akitengeneza kipimajoto chake hulali usiku ule kwa maswali. Lakini lazima kiagizwe, kinapotea, na bado unahitaji kompyuta ya kukiandikia amri. Kwa klabu ya watoto 15, ndiyo. Kwa darasa zima la shule ya kawaida, hapana, mpaka kila kitu kingine kiwe kimekamilika.

Usalama: kuzuia, kucheza au kuzungumza

Njia ya kuzuia ina nafasi yake maabara. Salama kuliko vichujio vyote ni kutokuwa na intaneti ya wazi kabisa: weka Kolibri (programu ya masomo yasiyohitaji intaneti) na Wikipedia ya Kiswahili kupitia Kiwix (programu ya kusomea kurasa zilizopakuliwa) kwenye kompyuta moja, nyingine zisome kutoka hapo. Watoto wanatafuta, wanasoma, wanaangalia video za masomo, na hakuna anayewatumia ujumbe.

Nyumbani mambo yanageuka. Family Link ya Google, programu ya mzazi kusimamia kifaa cha mtoto, inashauriwa kila mahali, na ni nzuri, ila imejengwa kwa kudhani kwamba mtoto ana kifaa na akaunti yake. Mtoto wetu anaazima simu yenye M-Pesa, magrupu ya WhatsApp ya ukoo na picha za mkopo wa kikundi. Kwa simu ya kushirikiana ningependekeza kitu kidogo ambacho wengi hawajui kipo: kwenye mipangilio ya usalama ya Android unaweza kubana programu moja kwenye skrini, na ukichagua iombe namba ya siri, mtoto hatoki humo bila namba hiyo. Mpe katuni, bana, mwachie. Halafu namba ya siri ya pesa isifanane na ya kufungulia simu. Hilo ni la mzazi, siyo la mtoto.

Njia ya michezo maarufu zaidi ni Interland ya Google, iliyotoka 2017. Ni bure, ina visiwa vinne, inavutia. Shida yake ni kwamba inafundisha hatari za mtoto mwingine. Inamfundisha kutambua barua pepe ya kitapeli, na mtoto wa darasa la tano wa Mbagala hana barua pepe. Anachokiona, akiwa ameshika simu ya mama, ni SMS hii: "Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja…" Au simu ya mtu anayejiita mwalimu, anasema mtoto ameanguka shuleni, itumwe pesa ya dawa upesi. Isitoshe Interland inahitaji intaneti.

Ndiyo maana nachagua mazungumzo na maigizo, na siyo kwa sababu ni rahisi. Chukua SMS halisi, futa namba, iandike ubaoni. Mtoto mmoja awe tapeli, mmoja mama, mmoja mtoto aliyeshika simu. Waache waigize, watakushangaza jinsi wanavyojua sauti ya tapeli. Kisha wafundishe hatua: hujibu, hufuti, unampelekea mwenye simu, naye anautuma ujumbe ule kwenda 15040, namba ya kuripotia utapeli Tanzania. Mtoto anarudi nyumbani na kitu cha kumfundisha baba, na baba anasikiliza.

Sehemu ngumu ni ya picha na watu wabaya. Karibu kila bango linasema "usiongee na usiyemjua mtandaoni". Halitoshi. Utafiti wa Disrupting Harm, uliofanywa na UNICEF, ECPAT na INTERPOL katika nchi kadhaa zikiwemo Kenya na Tanzania, ulionyesha kwamba wanaowadhulumu watoto kupitia mtandao mara nyingi ni watu wanaowajua tayari, na kwamba ni watoto wachache sana wanaokwenda kutoa taarifa rasmi. Kwa hiyo somo liwe juu ya kitendo, bila kujali ni nani anayekitenda. Mtu yeyote akikuomba picha ya mwili wako, akikwambia usimwambie mama, akikuahidi vocha au zawadi ili uifanye siri: mwambie mkubwa unayemwamini. Na wa kwanza asiposikia, nenda kwa wa pili. Namba 116 hupigwa bure Tanzania na Kenya kwa ajili ya watoto, na kwa Tanzania vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Watoto waikariri 116 wakiwa darasa la kwanza. Hicho ndicho kitu cha kompyuta ninachokubali kikaririshwe.

Kuna jambo moja mtoto hafundishwi, anafundishwa mzazi. Akija kusema "mama, kuna mtu kaniandikia", usimnyang'anye simu na kuanza kufoka. Atakuwa amejifunza kwamba kusema kunaleta adhabu, na safari ijayo atanyamaza.

Shule yenyewe inapoweka picha

Ni vigumu kumfundisha mtoto asiweke picha yake mtandaoni wakati shule imeibandika picha hiyo hiyo kwenye ukurasa wake, na sare yenye nembo, jina kamili na darasa. Kenya sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi, na mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila ridhaa hiyo. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mahafali yakikaribia, piga picha watoto wakiwa mgongo kwa kamera au wakiwa kundi kubwa, bila majina.

Scratch pia ina upande wa mtandaoni, ambako watoto huweka kazi zao na kuandikiana maoni. Mwalimu anaweza kuomba akaunti ya ualimu na kuwafungulia wanafunzi bila barua pepe zao. Wachague majina ya bandia. Kwa wengi huu ndio mtandao wa kijamii wa kwanza, kwa kuwa WhatsApp na TikTok zote zinataka miaka 13, na ni bora waanzie hapa ambako mwalimu anaona kinachoandikwa.

Kwa hali yako

Huna kifaa hata kimoja: kadi na mchezo wa roboti kwa madarasa yote, maigizo ya SMS kuanzia la tatu. Hupungukiwi kama unavyodhani.

Una kompyuta chache na watoto wengi: Scratch ya kusakinisha, la nne kwenda juu, watatu kwa mashine, wadogo wabaki na kadi. Ukipata fedha ya kitu kimoja tu, nunua projekta kabla ya kompyuta ya tisa, maana projekta inamfikisha mwalimu mmoja kwa darasa zima.

Una tableti: ScratchJr kwa wadogo, na mpangie mtu mmoja kazi ya kuzichaji. Tableti zinakufa kwa kutochajiwa kuliko kwa kuvunjwa.

Wewe ni mzazi mwenye simu moja: bana programu, tenganisha namba za siri, na mara moja moja msomee mtoto SMS ya kitapeli iliyoingia, muulize yeye angefanyaje. Kwa shule, kikao cha wazazi cha mwanzo wa muhula kina nusu saa ya michango na sare. Omba dakika kumi katika hiyo, kila mzazi atoe simu yake mfukoni na abane programu moja papo hapo, mwalimu akipita kati ya madawati.